Fundi wangu hataki vibuyu vyangu vya kioo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Lang'ata. Nilisomea uhasibu, lakini tangu nilipoona kioo kikipulizwa kule Kitengela, ng'ambo ya Mbuga ya Taifa, mambo ya hesabu yalinitoka moyoni. Vioo vya madirisha na chupa kuukuu huyeyushwa kwenye tanuri, joto likipita nyuzi 1,000. Fundi huchota kwa bomba refu la chuma, akapuliza huku analizungusha. Akisita tu, kioo chote kinalalia upande mmoja. Kisha chombo hupozwa polepole kwa saa nyingi, la sivyo hupasuka.

Sasa najifunza kwa fundi mmoja hapa mjini. Ni mwalimu mzuri na ninamheshimu sana. Kazi yetu ni gilasi na jagi za mikahawa, na ndizo zinazotulipa.

Shida ni hii. Nyanya yangu wa Bomet huhifadhi mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, katika kibuyu alichokipaka ndani masizi ya mkaa wa mti wa senetwet. Siku moja nilinyunyiza majivu juu ya kioo cha moto, nikachota tabaka jingine juu yake, nikapuliza umbo la kibuyu. Majivu yalitoa mapovu madogo na wingu la kijivu ndani kwa ndani. Shangazi, nilitetemeka. Sijawahi kutengeneza kitu nikajua kwamba ni changu kiasi hicho.

Fundi alisema mapovu ni dosari, na mkono wangu bado haujakomaa. Mteja mmoja naye alikipenda, ila akataka nibandike shanga nyekundu shingoni ili watalii wavutiwe. Shanga hizo ni kioo cha aina nyingine. Hazisinyai sawa na chetu zikipoa, na chombo kingepasuka. Hata kama zingeshika nisingeziweka, kwa sababu kibuyu cha nyanya hakina shanga.

Kuondoka siwezi. Tanuri huwaka usiku na mchana, gharama yake siiwezi, na bila moto huo sina kazi yoyote. Lakini kila wiki ya gilasi tupu naona wazo langu linafifia.

Nimwombeje fundi aniachie muda kidogo wa vibuyu, mafuta nilipie mwenyewe, bila kuonekana nadharau kazi yake? Au nitulie kwanza mpaka mkono ukomae, kama anavyosema?

Chelagat,
Nairobi