Mwanangu amefunika kinanda, babake anataka kumkatia karo

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nakuru. Kitinda mimba wangu ana miaka 22, na tangu Juni 2024 hajakanyaga kanisani. Usidhani ni mtoto aliyenishinda; huyu ndiye aliyekuwa akitupigia kinanda kila Jumapili.

Siku aliyotoka tulikuwa na harambee ya paa. Mheshimiwa alifika mahubiri yakiwa katikati. Mchungaji akakatiza, akampa kipaza sauti. Watu wa mbele wakainuliwa ili walinzi wake wakae. Mmoja wa walioinuliwa alikuwa mama yangu mzazi, na mkongojo wake, aliyefika saa moja asubuhi kuwahi kiti karibu na mimbari kwa kuwa hasikii vizuri. Mwanangu aliona. Alifunika kinanda na kitambaa chake, akamshika nyanyake mkono, wakatoka. Wiki iliyofuata vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, naye alikuwa kati yao.

Nikimuuliza hunijibu, "Mama, Mungu sijamwacha. Nimeacha kile kipaza sauti." Na Biblia yake iko chini ya mto, huiona nikitandika. Watu husema kizazi hiki hakina dini, ilhali katika sensa ya 2019 waliojitaja kuwa hawana dini walikuwa asilimia 1.6 tu. Wa aina ya mwanangu sijui huhesabiwa wapi.

Nilimwambia mambo yanabadilika, kwamba Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Kanisa Katoliki aliagiza pesa za Rais Ruto zirudishwe kutoka kanisa la Soweto, Nairobi. Akacheka. "Hao ni Wakatoliki. Sisi je?" Sikuwa na la kusema, maana bahasha ya siku ile niliipokea mimi, mweka hazina. Na paa, kusema kweli, halivuji tena.

Sasa babake, ambaye ni mzee wa kanisa, ameapa kwamba kijana asiporudi kufikia Pasaka, karo ya chuo ajitafutie. Mama yangu naye amegoma. Jioni husali na mjukuu wake sebuleni. Mwezi ujao kuna harambee nyingine, ya kujenga ua wa kanisa, na nimeombwa kuandika barua za kualika waheshimiwa. Karatasi ziko mezani wiki ya pili hii.

Je, nimsihi mwanangu arudi ili nyumba itulie, au nikatae kuandika barua hizo, nikosane na mume wangu na kanisa zima?

Mweka hazina, Nakuru