Kisomeni kibati siku ya kukata bima, si siku ya ajali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako niseme na kampuni za bima na mawakala wao, na pia wenzangu tunaoendesha magari ya zamani yaliyobadilishwa giaboksi. Mimi ni afisa ugani mstaafu, naishi Tukuyu, na gari langu ni Toyota RAV4 la mwaka 1998, lenye injini ya 3S.

Lilitoka Japani likiwa otomatiki. Huku kwetu, ukishaiacha Uyole ni kupanda tu mpaka Isyonje, na mwaka 2019 giaboksi ikaanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari haliendi. Fundi wangu wa Mwanjelwa alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikawa cheusi, kinanuka kuungua. Otomatiki ya mtumba inayofanana na ile tuliikosa Mbeya nzima. Ya gia za mkono ilipatikana Gerezani, Dar es Salaam, ikaletwa kwa basi ndani ya gunia pamoja na flaiwili, klachi na pedali zake. Toyota wenyewe waliliuza RAV4 hilo kwa aina zote mbili, kwa hiyo hatukubuni kitu kigeni. Kazi ilichukua siku sita, na tangu hapo nimepanda na kushuka mlima ule bila shida.

Julai 2023 nikakata bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe. Gari lilithaminiwa shilingi milioni 9, asilimia 3.5 yake ni 315,000, na ukiongeza VAT nililipa 371,700. Wakala, kijana mwenye adabu zake, alilipiga picha pande zote nne na namba ya chesisi. Kwa kuwa lilikuwa limeziba geti, aliniomba ufunguo akalirudisha nyuma yeye mwenyewe, akakanyaga klachi kwa mguu wake. Kisha akajaza fomu, ambayo ilikuwa ya Kiingereza, akanisogezea: “Mzee, saini hapa, na hapa.” Nikasaini. Kumbe ndani yake kulikuwa na swali kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote, na jibu lililoandikwa ni hapana. Hakuniuliza, lakini saini ni yangu. Kiingereza nakisoma, nilikuwa na haraka tu ya kwenda shamba. Kosa hilo nalikubali.

Februari iliyofuata, jioni yenye ukungu pale Isyonje, ng'ombe alikatiza barabara nikaingia mtaroni. Sikuumia, wala ng'ombe hakuguswa, ila bampa, rejeta, fenda na taa ya kushoto viliharibika. Nilitoa taarifa polisi na nikaijulisha kampuni siku hiyohiyo. Mkaguzi wao alipofika, jambo la kwanza alifungua boneti, akapangusa vumbi kwenye kile kibati cha kiwandani chenye maelezo ya gari, kilichopigwa ukutani nyuma ya injini. Mahali pa giaboksi pameandikwa A540H, yaani otomatiki ya gia nne. Akaiandika. Akazunguka mpaka mlango wa dereva, akainama, akazitazama pedali. Zilikuwa tatu, ya klachi ikiwemo.

Wiki tatu baadaye nikapata barua fupi: gari lililokaguliwa si lile lililoelezwa kwenye fomu, hivyo madai yamekataliwa. Matengenezo ya shilingi 1,640,000 nikayalipa kutoka kwenye kiinua mgongo changu.

Ndugu Mhariri, sidai kwamba giaboksi si kitu cha kumweleza mtu wa bima. Ni cha kumweleza, na sababu naijua vizuri. Gari la otomatiki lina swichi inayolizuia kuwaka mpaka mkono wa gia uwe kwenye P (kuegesha) au N (huru). Ukishaweka gia za mkono, swichi ile haina kazi tena, na mafundi wengi huunganisha nyaya zake moja kwa moja ili mradi gari liwake. Langu lilikaa hivyo miezi miwili, mpaka siku mjukuu wangu alipozungusha ufunguo gari likiwa kwenye gia ya kwanza, likaruka na kuvunja nguzo ya banda la kuku. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu mbele. Kesho yake fundi alifunga swichi kwenye pedali ya klachi, na sasa haliwaki bila kuikanyaga. Anayelibeba gari langu kwa bima ana haki ya kujua kama swichi hiyo ipo au haipo.

Ninachodai ni kwamba aulize wakati wa kuuliza. Kibati kilichosomwa baada ya ajali kilikuwepo palepale siku nilipotoa fedha. Kukisoma ni kazi ya dakika mbili. Kama wangekisoma Julai, wangeniongezea malipo, au wangenituma kwa fundi wanayemwamini, au wangenikatalia nikabaki na 371,700 zangu. Lolote kati ya hayo ningelipokea. Ng'ombe yule hakuingia barabarani kwa sababu ya klachi yangu.

Naomba fomu ziwe za Kiswahili, wakala alisome kila swali kwa sauti, na liwemo swali la wazi kuhusu giaboksi, kwa sababu kadi ya gari haisemi habari zake. Wenzangu nao, msikubali kujaziwa fomu. Andikeni barua, mwambatishe picha ya pedali na ya kibati pamoja na risiti ya fundi. Na mkikataliwa mkaona mmeonewa, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mimi niliifahamu nikiwa nimeshalipa gereji.

Mwaka huu kampuni nyingine imeniambia gari limezeeka mno kwa bima kubwa, nikakata ndogo, inayolipia watu wengine tu, kwa 118,000. Hata hiyo nimeikata kwa barua inayoeleza giaboksi yote. Nakala yake, yenye muhuri wa ofisi yao, iko ndani ya gari kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi.

Afisa ugani mstaafu,
Tukuyu, Rungwe