Kwa nini nauli yetu haifanani na ile iliyo kwenye simu yako

Wiki iliyopita, abiria tuliyemchukua kwa teksi yetu ya kijiweni Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, alishuka Tegeta akiwa amenuna, akatuonyesha simu yake na kudai kwamba tumemwibia, kwa kuwa programu ya kuitia magari ilimwonyesha nauli ndogo kuliko tuliyopatana naye kabla ya kuondoka. Malalamiko ya namna hii yanatufikia mara nyingi mno, na kwa kuwa yanagusa jina letu, tunawajibika kuyajibu.

Nauli inayoonekana kwenye programu ni ya dakika ile. Mvua za masika zikianza jioni, magari yakawa machache na foleni ikakaza Mwenge, safari ileile huweza kupanda sana. Nauli yetu hupatanwa kabla mlango haujafungwa na haibadiliki hata tukikwama njiani saa mbili. Ndani yake mna mafuta, leseni ya LATRA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia usafiri wa nchi kavu, bima kubwa ya gari la biashara, hesabu ambayo dereva humpelekea mwenye gari kila jioni awe amepata abiria au amekosa, na pia safari ya kurudi mjini bila mtu, ambayo abiria haioni.

Linalotusikitisha zaidi ni njia ya mkato ambayo wengi sasa wanaiona kuwa ni ujanja: mteja anaita gari kwa programu, dereva akifika wanakubaliana safari ifutwe, kisha analipwa mkononi kwa bei ya chini ili kamisheni, yaani sehemu ya nauli inayochukuliwa na kampuni ya programu, isikatwe. Safari iliyofutwa haina kumbukumbu. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo alisahau robota lake kwenye buti la gari la namna hiyo, namba ya dereva ikawa haipatikani, naye akaja kijiweni kwetu akiamini kwamba madereva wote tunafahamiana. Tulizunguka naye hadi usiku bila kulipata. Kijana mwingine, mteja wetu wa siku nyingi, alipanda gari lenye namba ya njano, yaani gari la binafsi, kwa sababu lilikuwa rahisi. Lilipogongwa, kampuni ya bima ilikataa kulipa kwa hoja kwamba gari la binafsi halikukatiwa bima ya kubeba abiria kwa malipo, na gharama za matibabu akazibeba mwenyewe.

Kuhusu serikali, hatuombi programu zifungwe. Mwaka 2022 LATRA iliweka ukomo wa kamisheni wa asilimia 15. Kampuni ya programu ya Uber ikasimamisha huduma mwezi Aprili, na baadaye mwaka huohuo mwenzake Bolt ikabaki na wateja wa makampuni tu. Vijiwe vilijaa abiria, na baadhi ya wenzetu, jambo ambalo hatulitetei, walipandisha bei kwa mtu asiye na pa kwenda. Januari 2023 ukomo ulipandishwa hadi asilimia 25, ikaruhusiwa na ada ya kuagiza ya asilimia 3.5, na huduma zikarejea. Dereva anayekatwa robo ya nauli ni mwenzetu, kwani matairi yake yanalika kwenye mashimo yaleyale, na kwa hiyo ukomo wa kamisheni ni jambo la haki ilimradi upangwe kwa kuangalia gharama halisi za dereva na za kampuni, si kwa kuvutana. Tunachoomba ni kwamba kila anayebeba abiria kwa malipo, awe wa kijiweni au wa programu, awe na namba nyeupe ya gari la biashara, leseni na bima ya biashara, na kwamba askari anayekagua teksi yetu kila asubuhi alisimamishe pia gari la namba ya njano linalopakia abiria hatua chache kutoka hapo.

Kwa upande wetu, jedwali la nauli za safari za kawaida limebandikwa kwenye kioo cha kila gari. Mteja atakayetozwa zaidi ya kilichoandikwa afike ofisini na namba ya gari, naye atarudishiwa tofauti siku hiyohiyo.