Wanaastronomia wetu wapewe kazi, na antena ya sahani ya Longonot iamshwe

Mhariri,

Nimechoka kusikia watu wakiuliza mtoto aliyesomea astronomia atakula nini, kana kwamba alienda chuo kujifunza ramli. Hawa vijana tunao, Chuo Kikuu cha Nairobi kinawafundisha, wengine wamepitia DARA, mafunzo ya astronomia ya redio yaliyofadhiliwa na Uingereza na Afrika Kusini ili nchi washirika wa SKA, ule mradi wa kimataifa wa darubini kubwa ya redio, ziwe na wataalamu wake, na Kenya ni mshirika. Shida ni kwamba wakimaliza wanaishia kuuza laini za simu.

Nafundisha fizikia sekondari huku Naivasha. Mwaka jana tulitembelewa na binti mmoja anayefanya masters, anachunguza gesi kwenye galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, kwa data ya MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, zile antena 64 za Karoo. Nilidhani ataleta mapicha ya sayari, kumbe kaja na bati, debe tupu la thina, amplifaya ndogo na kile kidude cha kuchomeka kwenye laptop cha kushikia TV. Watoto wakakata bati wenyewe wakalikunja kama mdomo wa tarumbeta, wakaingiza waya wa shaba wa sentimita tano na kitu ndani ya debe, manake mawimbi ya redio yanayotoka kwenye gesi ya haidrojeni ya angani yana urefu wa sentimita 21 na waya unatakiwa uwe robo yake. Wakalehemu, wakaunguza vidole kidogo, wakarudia. Usiku Njia Nyeupe, galaksi yetu, ilipopita juu yetu, kwenye grafu karibu na megahazi 1420 pakainuka kinundu, kidogo tu lakini kipo! Akawaonyesha kwamba kimesogea pembeni kwa sababu gesi yenyewe inatembea, na mwanaastronomia Mmarekani Vera Rubin alipima kusogea kwa aina hiyo kwenye mwanga wa Andromeda, galaksi jirani, matokeo yakatoka 1970, na kazi hiyo ilichangia kufanya wanasayansi wakubali kwamba galaksi zina maada nyingi ambayo hatuioni.

Sasa niambieni, huo ni utafiti, ni uinjinia ama ni ualimu? Ni vyote, na mtu mmoja. Injinia wa redio astronomia wa Australia, John O'Sullivan, na wenzake walikuwa wametafuta mawimbi ya mashimo meusi (black holes) yanayolipuka, hawakuyapata, lakini hesabu zao zikaja kusaidia kutengeneza Wi-Fi tunayotumia leo.

Halafu kuna hii ya Longonot, inaniuma sana. Tuna antena kubwa ya sahani pale ya enzi za simu za satelaiti, na mpango wa kuigeuza darubini ya redio umesemwa miaka na miaka. Ghana walichukua sahani yao ya Kuntunse, mita 32, nayo ilikuwa ya simu tu, wakaigeuza na 2017 wakaizindua. Sisi tunangoja nini, na vijana wa kuiendesha tumeshawasomesha?

Naomba wizara iwaajiri hata kwa kontrakti, nusu ya wiki wawe Longonot kwenye mitambo na nusu wazungukie shule zenye wanafunzi wa Gredi 10 waliochagua STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, hasa zile ambazo hazina maabara. Na pesa ya kuanzia iwekwe kwenye bajeti ijayo, isiwe ahadi tena.

Mwalimu wa fizikia,
Naivasha