Kila nguzo ya Arusha iandikwe ni ya nani

Ndugu Mhariri,

Taa ya barabarani ikizimika hapa mjini, wananchi hupiga simu TANESCO, shirika letu la umeme. Mafundi wanafika, wanaangalia, wanakuta nguzo si yao, wanaondoka, na giza linabaki palepale. Barabara moja ya Arusha inaweza kuwa na nguzo za wenyewe tofauti, na hakuna kinachomwambia mpita njia ipi ni ya nani. Sisi mafundi wa njia za umeme tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze namna ya kuzitofautisha, kisha tuna ombi moja kwa wahusika.

Anayesafiri kwenda Namanga akivuka mpaka anaingia eneo la Kenya Power, shirika la umeme la Kenya, na kwa kutazama haraka atadhani ni shirika lilelile. Pande zote mbili kuna nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, nguzo za zege zinazidi kuongezeka, laini za msongo wa kati ni za kilovolti 11 na 33, na masafa ya umeme ni hezi 50. Tofauti imejificha kwenye msongo mdogo. Kwetu ni volti 230 kwa fezi moja, yaani waya mmoja wenye umeme, na 400 kati ya fezi na fezi. Kule ni 240 na 415. Volti kumi zinaonekana ndogo, lakini kwenye taa za njano za sodiamu zina maana, na vipuri vinavuka mpaka kila siku. Balasti, kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye balbu, mara nyingi ina sehemu tatu za kufungia waya, zilizoandikwa 220, 230 na 240. Fundi akifunga kwenye 220 mahali ambapo umeme unafika 240, balasti inachemka na balbu inakufa mapema. Akifunga kwenye 240 huku umeme ni 230 au pungufu, taa inawaka kwa unyonge, na watu wa mtaa wanadhani balbu ni mbovu. Asome maandishi, apime volti usiku wakati mzigo uko juu, ndipo afunge. Taa za LED hazina shida hiyo, kwa kuwa drava zake nyingi, yaani vifaa vinavyozilisha umeme, zinakubali volti za upana mkubwa. Adui yao ni radi na umeme unaoruka baada ya kukatika.

Tofauti kubwa zaidi ni ya mwenye taa. Kwa jirani zetu, Katiba ya 2010 iliziweka taa za barabarani chini ya serikali za kaunti. Kwetu taa inafuata barabara. Barabara kuu na za mikoa ni za wakala wa barabara TANROADS. Za mitaani na vijijini ni za wakala mwingine, TARURA, iliyoanza 2017. TANESCO kazi yake ni kufikisha umeme. Lakini taa ya barabara inaweza kufungwa juu ya nguzo ya mti ya TANESCO, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Hata mteja aliyelipia nguzo ili umeme ufike kwake hajawa mwenye nguzo hiyo. Inabaki mali ya shirika.

Utazijuaje? Nguzo ya mti au ya zege yenye nyaya zinazoingia majumbani ni ya shirika la umeme, hata kama ina taa. Kwenye laini za zamani za nyaya tupu, hesabu nyaya: fezi tatu na nyutro, waya wa kurudishia umeme, ni nne, na ukiona wa tano, mara nyingi huo ni wa taa. Siku hizi nyaya nyingi zimesokotwa pamoja na kuvikwa plastiki nyeusi. Wa taa huwa mwembamba kuliko wenzake, milimita za mraba 16 au 25. Nguzo ya chuma iliyosimama peke yake, haina waya juu, ina mlango mdogo karibu na chini, umeme wake unapita ardhini, na hiyo ni ya mamlaka ya barabara. Ya sola inajulikana kwa paneli yake.

Ukishajua aina ya nguzo, angalia taa zimezimika vipi, kwa sababu giza lenyewe linaeleza. Moja ikizimika peke yake, ni balbu, drava au fyuzi yake. Inayowaka, ikazima, ikawaka tena baada ya dakika kadhaa ni balbu ya sodiamu iliyochoka. Inayowaka mchana kutwa ina fotoseli (kijicho kinachohisi mwanga) mbovu au iliyofunikwa na uchafu wa ndege. Kila ya tatu ikiwa giza, fezi moja imekatika. Zikizimika zote kuanzia nguzo fulani kwenda mbele, kebo imekatika hapo, kwa sababu kwenye nguzo za chuma umeme unaruka kutoka nguzo moja kwenda nyingine. Mwananchi akitoa taarifa kwa namna hiyo, fundi anatoka ofisini na kifaa sahihi mkononi.

Za sola ni hesabu tu. Taa ya wati 40 ikiwaka saa 12 inakula wati-saa 480. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 60 inabeba wati-saa 768, na si vizuri kuikamua zaidi ya asilimia 80, yaani kama 614. Hapo kuna usiku mmoja na kipande. Mwezi Juni na Julai, mawingu ya Meru yakikaa siku mbili, taa itazima kabla ya usiku wa manane hata kama ni mpya kabisa. Ikiwa imewekwa chini ya mjakaranda, haitakuwa na nafuu hata kiangazi. Anayepanga zabuni aulize betri ina ukubwa gani kabla ya kuuliza bei.

Nguzo ya mti nayo inahitaji kueleweka. Ya mita 9 huzikwa mita 1.5: moja ya kumi ya urefu, ukiongeza sentimita 60. Haiozi juu, wala haiozi chini kabisa. Inaoza pale inapoingia ardhini na sentimita 30 hivi kushuka, ambako unyevu na hewa vinakutana, na mchwa wetu wanapapenda hapohapo. Dawa haifiki kwenye kiini cha mkaratusi. Inaishia kwenye tabaka la nje. Kwa hiyo kila msumari wa tangazo la chumba cha kupanga unatoboa ngao hiyo na kufungua njia ya maji. Tafadhali acheni kupigilia matangazo. Tena msumari huo humjeruhi anayepanda.

Nguzo ya zege haiozi, ila ikipata ufa maji yanafika kwenye nondo, na kutu inapasua zege kutoka ndani. Pia inahitaji kreni, na vichochoro vyetu vingi, kama vya kata ya Unga Limited, havipitishi kreni. Wanaodai nguzo zote za miti ziondolewe hawajaliangalia hilo.

Ombi letu ni kibao kidogo cha bati la alumini kwenye kila nguzo, kwenye kimo cha macho, chenye mambo manne: mwenye nguzo, namba yake, mwaka iliposimikwa, na simu ya kutoa taarifa. Nguzo za miti huja na alama ya kiwandani ya urefu na mwaka, lakini haisemi ipo chini ya nani wala ni ya ngapi kwenye laini. Panapokuwa na taa ya barabara juu ya nguzo ya shirika, viwe vibao viwili, kimoja cha nguzo na kingine cha taa. Kwenye mti vifungwe kwa mkanda wa chuma, visipigiliwe.

Kazi ianze na nguzo za chuma, kabla ya nyingine zote. Milango yake ya chini inaibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na nyuma yake kuna viungio vyenye volti 230 kwenye kimo cha mtoto. Mvua za masika zikianza na waya wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ukiwa umekatika, nguzo nzima inaweza kuwa na umeme. Ukiona mlango umeondolewa usiiguse nguzo wala usizibe tundu kwa mfuko wa plastiki. Waondoe watoto hapo na utoe taarifa siku hiyohiyo. Kingekuwepo kile kibao, ungejua umpigie nani.

Mafundi wa njia za umeme,
Arusha