Barua kwa Rehema: kifutieni mbali kifungu cha tatu

Miyuji, Dodoma

Mbukwa, dada Rehema.

Rasimu ya masharti ya kufuga mbwa iliyoandikwa na kamati yenu ya mtaa nimeipata, pamoja na ile taarifa ya gazeti kuhusu mbwa aliyeuma mliyoiambatanisha. Naenda moja kwa moja kwenye kifungu cha tatu, kile kinachopiga marufuku kufuga "Pit Bull, Rottweiler, German Shepherd na mbwa wengine wakali wa kizungu". Kifuteni chote. Mbwa hao wanaweza kuuma, tena vibaya, sitakudanganya. Lakini kifungu hicho hakitekelezeki, na kikipita watu watalala wakidhani wako salama, huku mbwa asiye na chanjo akiendelea kuzurura sokoni.

Hebu jiulize, mgambo atakayetumwa nyumba kwa nyumba atamtambuaje Pit Bull? Wengi wanaouzwa hapa kwa jina hilo ni chotara wasio na karatasi yoyote ya uzao. Kinachowapa jina ni kichwa kipana, manyoya mafupi na bei. Utafiti wa Florida, Marekani, uliochapishwa mwaka 2015 ulichukua mbwa 120 kwenye vituo vya kuhifadhia mbwa. Wafanyakazi, madaktari wa wanyama wakiwemo, walitaja mbari (aina ya uzao) ya kila mbwa kwa kumtazama, kisha vinasaba (DNA) vikapimwa. Wenye asili ya Pit Bull walitambuliwa kwa asilimia 33 hadi 75, kutegemea nani anatazama. Wasio na asili hiyo hata kidogo walibandikwa jina hilo kwa kiwango kilichofika asilimia 48 kwa baadhi ya watazamaji. Na hao ni watu wanaoshika mbwa kila siku ya kazi.

Waliotangulia kuandika orodha wameshatuonyesha njia inakoelekea. Uingereza, Sheria ya Mbwa Hatari ya 1991 ilipiga marufuku aina nne: Pit Bull Terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Sheria hiyo haiulizi wazazi wa mbwa, inaangalia umbo na vipimo, na ukishashtakiwa ni juu yako kuthibitisha kwamba mbwa wako siye. Huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, penye sheria ya mfano huohuo, mbwa aitwaye Lennox alichukuliwa mwaka 2010 kwa umbo lake, akauawa Julai 2012, na hakuwa na rekodi ya kumuuma mtu. Pamoja na ukali wote huo, idadi ya wanaolazwa hospitalini England kwa kuumwa na mbwa ilipanda katika miongo iliyofuata. Serikali ikajibu kwa kuongeza jina la tano, American XL Bully, ambaye tangu tarehe 1 Februari 2024 haruhusiwi England na Wales bila cheti cha msamaha. Uholanzi ilianza 1993, ikaachana na marufuku baada ya miaka kama 15 kwa kuwa watu hawakupungua kuumwa. Denver, Marekani, ilianza 1989, wapiga kura wakaiondoa 2020 na kuweka kibali chenye masharti. Italia ilifikisha mbari 92 kwenye orodha yake ya 2003, na kufikia 2009 haikuwa na orodha tena.

Halafu majina yenyewe hubadilika na zama. German Shepherd mnayemwogopa alizuiwa kuingizwa Australia kuanzia 1929 hadi miaka ya 1970, kwa hofu kwamba atazaliana na mbwa mwitu wa kule na kumaliza kondoo. Hapa kwetu ndiye anayeongozana na askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi, na watoto wanampigia makofi kwenye maonyesho.

Sasa hiyo taarifa ya gazeti. Isome tena ukiwa na kalamu mkononi. Mbari ilitajwa na nani: daktari, mwenye mbwa, au jirani aliyetokea wakati mbwa ameshafungwa? Picha ni ya mbwa huyo, au ni ya mwingine aliyetoa meno, imeokotwa mtandaoni? Geti lilikuwa wazi? Mbwa alikuwa amefungwa mchana kutwa? Ana chanjo? Hakuna hata moja lililojibiwa. Mbwa wa kienyeji akiuma, huandikwa "mbwa" tu, tena kama ataandikwa. Akiuma mwenye bei, jina lake linapanda hadi kichwa cha habari. Watafiti wa Marekani waliofuatilia vifo 256 vilivyosababishwa na mbwa kati ya 2000 na 2009 walikuta mbari inathibitika katika asilimia 17.6 tu ya matukio. Yaliyojirudia yalikuwa mengine: katika asilimia 84.4 mbwa hawakuwa wamehasiwa, na katika asilimia 76.2 walikuwa wakifugwa mbali na watu, kwenye mnyororo au uani, bila kuzoeshwa.

Kuna na hesabu ambayo magazeti huiruka. Tuseme mtaa una mbwa 200 wa kienyeji na German Shepherd 10. Wa kienyeji wakiuma watu 20 na German Shepherd mmoja, kiwango ni kilekile, asilimia 10. German Shepherd akiuma wa pili, "hatari" imeruka hadi asilimia 20 kwa tukio moja. Bila kujua wako wangapi, idadi ya walioumwa haisemi chochote kuhusu mbari.

Usije ukasema nakuficha upande wa pili. Utafiti wa Denver wa 1994 uliona German Shepherd na Chow Chow (mbari ya Kichina) wakijitokeza zaidi miongoni mwa waliouma, katika jiji ambalo lilikuwa limeshafukuza Pit Bull. Lakini utafiti huohuo ulikuta uwezekano wa kuuma ukiwa mkubwa mara 6.2 kwa dume, mara 2.6 kwa asiyehasiwa, na mara 2.8 kwa anayefungwa mnyororo uani. Hayo mgambo anaweza kuyakagua bila kubahatisha. Na ni kweli pia kwamba mbwa wa kilo 45 huumiza kuliko wa kilo 12. Mkitaka kuligusa hilo, tumieni mizani: jimbo la Nordrhein-Westfalen, Ujerumani, humtaka kila mwenye mbwa wa kuanzia kilo 20 au kimo cha kuanzia sentimita 40 amsajili na aonyeshe ujuzi wa kumfuga. Lenyewe nalo bado lina orodha ya mbari juu ya hapo, kasoro msiyohitaji kuiga.

Sheria zetu zinawatosha kuanzia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humwajibisha anayezembea kuzuia hatari ya mnyama yeyote aliye mikononi mwake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya 2008 inakataza kumtesa mnyama. Mtaa hautungi sheria ndogo, kwa hiyo andikeni pendekezo lipande kata, kisha Halmashauri ya Jiji.

Mahali pa kifungu cha tatu wekeni chanjo. Kila mbwa achanjwe kichaa cha mbwa afikapo miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, cheti kionyeshwe afisa mifugo wa kata akikihitaji. Lengo liwe angalau asilimia 70 ya mbwa wote wa mtaa, kwani hapo ndipo ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwapiga risasi wazururaji hakufikishi huko. Wengine huingia kujaza nafasi, nao hawana chanjo.

Kuhusu kufunga, msikubali mnyororo mfupi kwenye mti. Mbwa huuzungusha hadi unabaki nusu mita, anamwaga maji, ukosi unamchuna shingo, na kila apitaye anakuwa adui. Asiye na ukuta afunge waya wa mita 8 hadi 10 kati ya nguzo mbili, apitishe pete inayoteleza, mnyororo mwepesi uwe na kiungo kinachozunguka ili usijisokote. Kila upande kiwekwe kizuizi kabla ya nguzo, mbwa asiweze kuizunguka. Kivuli kifikike, na kwa jua letu la Oktoba mbwa wa kilo 30 apate maji zaidi ya lita 2 kwa siku, kwenye chombo kizito. Afunguliwe kila siku akiwa na mtu anayemjua.

Adhabu zifuate tendo. Mbwa aliyetoka nje na kumfukuza mtu bila kumgusa: onyo la maandishi na siku saba za kurekebisha geti. Aliyeuma: faini, kamba isiyozidi mita 2 na kifunga mdomo kila atokapo, na dume ahasiwe. Akirudia kwa jeraha la kina, daktari wa mifugo ndiye aamue hatima yake kwa maandishi, mwenye mbwa apewe siku 14 za kukata rufaa. Mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa anayelalamika na mamlaka.

Kifungu cha mtu aliyeumwa kiandikeni kwa herufi kubwa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, chanjo ianze bila kusubiri matokeo ya mbwa. Mbwa, kama anapatikana, afungiwe na kutazamwa siku 10. Kosa linalorudiwa mitaani ni kumpiga rungu la kichwa na kumtupa korongoni: ubongo ndio sampuli ya maabara, ukipondwa au kuoza hakuna wa kujua alikuwa na kichaa au la. Mbwa akifa ndani ya siku hizo 10, afisa mifugo apigiwe simu kabla mtu hajamgusa, na asiguswe kwa mikono mitupu.

Nimekuwekea maneno ya vifungu hivi kwenye karatasi ya pili, na nafasi za kiasi cha faini nimeziacha wazi, maana hizo ni za wakazi kukubaliana. Ukishazijaza, mpelekee afisa mifugo wa kata kabla ya mkutano. Yeye ndiye atakayeulizwa idadi ya mbwa, na daftari la chanjo liko kwake.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Yohana