Mashaka, hizo tyubu usizichome

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Mashaka mwanangu,

Mambo vipi, shem hajambo? Na yule mdogo keshaanza kutembea au bado anajishikiza kwenye viti? Huku tupo, baridi ya mwezi wa saba imekaza kweli, mlima wenyewe wiki ya pili hatujauona kwa mawingu, tunaamini tu kwamba upo.

Voice yako nimeisikiliza mara mbili. Hongera sana kwa kibanda aisee, na kwa jinsi Shinyanga ilivyojaa baiskeli mi sina wasiwasi na wewe kabisa, pancha haziwezi kuisha. Ila pale mwishoni, unasema tyubu mbovu zimerundikana nyuma ya kibanda na Jumamosi unazipiga kiberiti, hapo nikasema huyu namwandikia, voice haitoshi maana nikianza kuongea nitasahau nusu.

Usichome bana. Ule moshi mweusi unaujua mwenyewe, unaingia kwenye nguo za watu zilizoanikwa, unaingia kifuani kwa mtoto wako, alafu unachoma mali. Mpira wa tyubu ushapikwa na salfa kiwandani, ule ujanja aliougundua Goodyear kule Marekani 1839, kabla ya hapo mpira ulikuwa ukikaa juani unageuka uji, kwenye baridi unakauka kama mti. Sasa ukishapikwa ivo ndo basi, hauyeyuki kama ndoo ya plastiki ukaumba ndoo nyingine. Ni kama ugali, ukishaiva huwezi kuurudisha unga. Kwaiyo kilichobaki ni mkasi.

Unamkumbuka yule mzee wa Majengo aliyetufundisha kazi? Tulikuwa tunamcheka bahili, kila tyubu iliyokufa anaitundika kwenye msumari kama mtu anaanika samaki. Mteja akija na rimu ambayo vichwa vya spoku vinatoboa tyubu kila siku, mzee anakata ukanda, anauzungusha ndani ya rimu, kazi imeisha. Tairi limepasuka ubavuni, anakata kipande kikubwa anakilaza kati ya tairi na tyubu, mtu anafika kwao Kahe na mzigo wake. Hizo kazi mbili we unazo kila siku hapo kibandani na hazitaki hata solusheni, sijui kwa nini ulizisahau.

Mi mwenyewe nimeanza mwaka jana, na nimeanza kwa shida. Stuli ya bi mkubwa ilitoboka kikalio, fundi seremala akataka hela ambayo kwa hiyo hela unanunua stuli nyingine. Nikaangalia tyubu tatu nilizokuwa nazo chini ya kitanda nikasema ngoja nijaribu.

Sikia unavyokata, maana hapa ndo nilipoharibu mbili za kwanza. Unakata pande zote mbili za valvu unaitoa, unapata bomba refu. Hilo bomba unalipasua kwa urefu, kuna ule mstari wa kiwandani unaozunguka tyubu nzima, we ufuate huohuo usitumie macho yako. Ndani utakuta poda nyeupe, wanaiweka ili mpira usijigandie, ioshe na sabuni ya unga uanike kivulini. Ila kama unataka kamba ndefu usipasue! Bomba liache bomba, unaanza kukata kwa mshazari kutoka mwisho mmoja, unazunguka tu kama unavyomenya chungwa bila kukata ganda. Tyubu ya baiskeli kubwa, zile za 28, ina mita mbili na kidogo, ukikata ukanda wa sentimita mbili kwa kuzunguka ivo unapata mita nane hata tisa za kamba isiyo na fundo. Siku ya kwanza nimepata hiyo kamba niliitandaza sebuleni nzima nikamwita mke wangu aje aone, akaangalia, akarudi jikoni.

Na mkasi uwe mkali. Ukiacha hata kijino kidogo pembeni, ukivuta tu inachanika hapohapo, haina huruma.

Sasa kwenye stuli, ukanda mpana kidogo, kama vidole viwili. Ncha ya kwanza unapigilia kwa chini ya mbao, na usipigilie msumari mtupu maana mpira utajivuta utoke, weka kizibo cha soda, kigonge kilale bapa, msumari upite katikati ya kizibo. Alafu unavuta. Ukanda wa vidole viwili uuvute mpaka ubaki kidole kimoja na nusu, ndo upigilie upande wa pili. Safu ya kwanza yote ikiisha unasuka ya pili kwa kupita juu chini juu chini kama mkeka.

Mi ya kwanza sikuvuta. Nilisuka vizuri mwanangu, mistari imenyooka, nikaiweka sebuleni kwa maringo. Jumapili mama mkwe akashuka kutoka Kibosho, akakaribishwa stuli mpya, akakaa. Akazama. Polepole kabisa, kama mtu anayekaa kwenye beseni, magoti yakapanda mpaka karibu na kidevu na kikombe cha chai mkononi. Mi nilitamani ardhi ipasuke. Mama wa watu hakupiga kelele, alisema tu, "Baba, hiki kiti kina shimo." Tukamvuta mimi na mke wangu kila mtu mkono wake. Mpaka leo akija anakaa kwenye ndoo, anasema ndoo inamtosha.

Nikafumua nikasuka upya nimevuta mpaka vidole vina malengelenge na hiyo stuli ipo, bi mkubwa anachambulia mboga juu yake kila siku. Baada ya hapo majirani wameleta za kwao, nimeshasuka tisa, nachukua elfu saba kwa moja na mbao ni za kwao. Si utajiri, ila ni hela ya mboga na nafanya usiku nikiwa naangalia mpira.

Alafu kuna kitu mzee hakutuambia, au alituambia tukawa hatusikilizi. Mipira haifanani. Chukua kipande ukivute ukiachie. Kikirudi chap na kukupiga kidole, huo una mpira wa mti mwingi, ndo ule watoto wanautafuta kwa manati, na kwa kufungia mzigo kwenye keria ni mtamu sana. Kikirudi kwa uvivu, kama mtu ameamshwa saa kumi alfajiri, hiyo ni butili, mpira wa mafuta ya petroli, na tyubu nyingi za siku hizi ndo hizo maana zinakaa na upepo muda mrefu. Hiyo ya uvivu manati haifai, ila jua na mvua inazistahimili kuliko ile nyingine, kwaiyo kila kitu cha nje tumia hiyo. Mi sasa ivi nina viroba viwili, kimoja nimeandika CHAP kingine MVIVU.

Kwa mfano kule shamba Kibosho, mkungu ukiwa mzito mgomba unainama, tunaweka mhimili wa mti. Zamani tulifunga na kamba ya katani au nailoni, upepo ukija kamba inasaga mgomba mpaka inaukata. Nimefunga na mipira mivivu, upepo unasukuma, mpira unanyumbuka, unarudi. Miche ya parachichi vilevile, shina linanenepa na mpira unafuata, nailoni ingelinyonga.

Jembe linalocheza kwenye mpini, kata pete mbili tatu za tyubu ya pikipiki uvalishe mpini kabla ya kugonga jembe. Bawaba za banda la kuku nimeweka vipande vya hiyohiyo ya pikipiki, mwaka sasa hata hazilii. Geti la kwetu linalobaki wazi mbuzi wa jirani wanaingia, ukanda mmoja kutoka kwenye nguzo, linajifunga lenyewe, limempiga mgongoni mtu wa maji mara mbili lakini linajifunga.

Mpira wa maji wa bustani uliotoboka, huu nao hauhitaji gundi yoyote. Kausha, anza kama kiganja kimoja kabla ya tundu, zungusha ukanda umeuvuta mpaka mwisho, kila mzunguko ukalie nusu ya uliopita, ukivuka tundu kiganja kingine pitisha ncha chini ya mzunguko wa mwisho uvute. Wetu una miezi minne hautoi hata tone. Ila usije ukajaribu hii kwenye mpira wa petroli wa pikipiki ya mteja, mafuta yanavimbisha huu mpira mpaka unakuwa kama kamasi, na grisi nayo ivoivo.

Mkoba sikushauri kwa sasa. Nilimshonea mke wangu kipochi, kizuri kabisa, watu walikisifu, nikakosea vitu viwili. Cha kwanza nilishona mishono imekaribiana sana, ikawa kama karatasi ya stempu, siku ameweka simu na Biblia kikachanika mstari mzima. Cha pili sikukiosha vya kutosha, na siku hiyo alivaa gauni jeupe na mvua ikanyesha pale Mbuyuni. Weusi wa mpira hautoki Mashaka. Tumejaribu jiki, tumejaribu limao. Gauni sasa hivi ndo dekio la jikoni na mi sijaambiwa neno lolote, ndo ujue hali ilivyokuwa.

Manati usiwape watoto wa jirani hata wakililia, mi nilimpa mmoja kipande nikamlipia mzee fulani kioo cha dirisha.

Sasa shida yangu ni hii, na ndo sababu hasa ya barua. Huku Moshi baiskeli zimepungua, bodaboda wamechukua mji, fundi niliyekuwa nachukua kwake amehamia kwenye pikipiki na tyubu za pikipiki kwa kusukia stuli ni ngumu, mikono inauma. Nina oda ya viti sita vya mama mmoja wa mgahawa na nina tyubu nne tu. We hapo una rundo unataka kulitia kiberiti!

Nifanyie hivi. Zile zilizopasuka kwa kuoza, zenye nyufa nyufa ukizivuta, ziache. Zenye pancha hata tano sio shida, nakata pembeni ya viraka. Valvu zitoe uweke kwenye kopo, wa chuma chakavu watakupa chochote. Zilizobaki zikunje, tia kwenye kiroba, kifunge na mpira wenyewe, usinunue kamba. Basi la kuja huku unalijua, mpe konda, nitumie picha ya tiketi na namba yake, nauli ya mzigo nalipia mimi nikipokea. Usiandike juu ya kiroba kwamba ni mipira chakavu watakudharau, andika SPEA.

Mi nikipata kabla ya Alhamisi viti vinatoka mwisho wa mwezi, na cha saba nitakisuka chako, ukija Disemba utakikuta. Nimeshakivuta akilini.

Msalimie sana shem, na bi mkubwa anasema hujampigia tangu Pasaka.

Ni mimi,
Elia